Pilipili ya Nyumbani: Hotuba kwa Wanachama, Heru Juu



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema maneno machache siku hii ambayo Chama Kikuu chetu chatimiza miaka 10. Waliotutangulia kusimama hapa wamekwisha kunena habari za kahawa na tumbaku, za mizani na malipo, nao wamenena vema. Sisi twaomba ruhusa kunena habari za kitu kidogo kisichoandikwa katika daftari la mazao ya chama, nacho ni pilipili ipandwayo nyumbani na kuliwa nyumbani.

Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Methali hiyo humkanya mtu ajitiaye katika mambo yasiyomhusu. Lakini sisi pilipili twaila, basi yatuhusu. Mkulima mwenye ardhi, mvua na samadi aendapo sokoni kununua fungu la pilipili, ametoa fedha ya kahawa yake kwa kitu ambacho kingeota nyuma ya jiko lake. Malipo ya mazao makubwa huja kwa msimu, bali chumvi, sabuni na daftari la mtoto hutakiwa kila juma. Senti zinazotoka kidogo kidogo ndizo zinazomfanya mtu akope kabla ya mavuno, na mkopo wa namna hiyo umewaponza wengi.

Mmea huu si wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika, ambako watu waliulima maelfu ya miaka kabla Columbus hajafika huko mwaka 1492. Wareno ndio walioueneza katika pwani za Afrika na Bara Hindi, na kutoka pwani ukasafiri na misafara mpaka maziwa makuu. Katika safari hiyo ndege nao walisaidia. Ukali wa pilipili unatokana na kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho humchoma binadamu na mnyama, lakini ndege hakihisi. Ndege hula tunda jekundu, huruka, na mbegu huanguka naye atuapo. Ndiyo sababu pilipili kichaa huonekana imejiotea kando ya ua na chini ya miti, wala hapana aliyeipanda.

Tena, ukali huo haukai hasa katika mbegu, kama wengi wasemavyo, bali katika utando mweupe ulioshika mbegu. Atakaye harufu pasipo moto mwingi na auondoe utando huo. Au atie pilipili mbuzi nzima katika chungu cha maharage, asiipasue, kisha aitoe kabla ya kupakua. Aliyewashwa mno asikimbilie maji, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vema katika maji. Maziwa humfaa zaidi.

Kwa habari ya afya, pilipili mbichi ina vitamini C kwa wingi. Mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliipata vitamini hiyo kwa wingi katika pilipili za mji wa Szeged, na mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini na tuseme kweli: mtu hula pilipili kidogo tu, kwa hiyo haiwezi kushika mahali pa mchicha, kisamvu na matunda. Kazi yake kubwa ni kuufanya ugali wa muhogo na maharage, au dagaa wa Kigoma waliopikwa kwa mawese, uliwe kwa hamu. Mwenye maumivu ya tumbo yanayozidi alapo pilipili na aiache, na watoto wachanga wasipewe kabisa.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Chagua tunda lililoiva sana kutoka mche wenye afya, ukaushe mbegu zake kivulini. Tengeneza kitalu kidogo chenye udongo laini na samadi iliyooza, upande mbegu kwa kina cha sentimita 1, ufunike kwa nyasi, na kumwagilia polepole. Miche ikisha kuota, nyasi ziondolewe na kichanja kijengwe cha kuitia kivuli. Pilipili kichaa huchelewa kuota, pengine majuma mawili au matatu, basi mtu asikate tamaa. Miche ifikapo urefu wa sentimita 10 hadi 15, ihamishe wakati wa jioni, na kati ya mche na mche uache nafasi ya sentimita 60 au zaidi. Kwetu mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Kwa hiyo anayeandaa kitalu mapema huhamisha miche mvua zikiwa zimekwisha kushika. Wakati wa kiangazi, maji yaliyooshea mboga jikoni yatatosha miche mitano au sita, na matandazo ya nyasi yatahifadhi unyevu.

Hapa lipo jambo ambalo twawasihi ndugu zetu wakulima wa tumbaku walisikie kwa makini. Pilipili, nyanya, bilinganya, viazi mviringo na tumbaku ni ukoo mmoja, na ndugu hawa huambukizana magonjwa. Minyoo ya mizizi na mnyauko hubaki katika udongo. Basi usipande pilipili mahali palipotoka tumbaku au nyanya, bali tanguliza mahindi. Iko tena batobato ya tumbaku, ambayo ni ugonjwa wa virusi uwezao kukaa katika majani makavu, hata katika sigara. Mtu aliyeshika tumbaku, au aliyetoka kuvuta, akishika miche ya pilipili huweza kuiambukiza kwa vidole vyake. Na anawe mikono kwa sabuni kwanza. Mche uliojikunja na kutiwa madoadoa ung'olewe na kuchomwa moto, usitupwe shambani.

Mavuno yakizidi mahitaji ya kula, yakaushwe. Pilipili zisianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya kichanja au jamvi safi, na usiku ziingizwe ndani zisipate umande. Zikiwa zimekauka hata zavunjika kwa sauti, ndipo zitiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko. Pilipili zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Zilizoota ukungu zitupwe. Zisisagwe pamoja na nzuri, wala zisiuzwe kwa jirani.

Bwana Mwenyekiti, huenda mtu akauliza: ikiwa pilipili ni njema hivi, mbona Chama Kikuu kisiifanye zao la biashara mara moja? Jibu letu ni kwamba zao hutanguliwa na soko. Akija mnunuzi na ahadi ya bei kubwa, pasipo mkataba, mkulima asing'oe mahindi yake kwa ajili ya maneno. Pilipili huchumwa moja moja kwa mikono, na anayelima eka nzima pasipo mnunuzi wa hakika atachuma hasara. Na ijaribiwe kwanza nyumbani, tujue ni aina ipi inayostawi na ni kazi kiasi gani. Ziada ikiongezeka, wanachama na wakusanye mzigo mmoja wa ubora mmoja, na viongozi wa chama ndio wazungumze na mnunuzi. Wachaga walipoungana mwaka 1925 kuuza kahawa ya Kilimanjaro walifuata njia hiyo hiyo ya kuuza kwa pamoja, na tangu hapo haijapatikana njia bora kwa mkulima mdogo.

Na zile senti zipatikanazo kwa kuuza mafungu machache sokoni, twawaomba akina baba wamwachie yule aliyemwagilia miche. Mara nyingi huyo ni mama wa nyumba au mtoto wa shule. Chama husimama juu ya haki ya kila mtu kupata malipo ya jasho lake. Haki hiyo haiwezi kukaa ofisini tu ikakosekana jikoni.

Basi, ombi letu kwa kila mwanachama ni miche mitano. Kila chama cha msingi na kitenge kitalu kimoja karibu na ghala lake, ili asiye na mbegu apate miche. Mabwana shamba na mabibi shamba wetu na wavitembelee vitalu hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Twawatakia heri wanachama wote, nasi twamwomba Mungu akijalie chama chetu miaka mingine mingi ya kazi na umoja.