Pedeli Ngumu: Dalili za Kuchoka kwa Pampu ya Vakyumu katika Magari ya Dizeli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ipagala, Dodoma)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya breki. Yamkini wako watakaouliza makarani wana habari gani na breki, hali kazi yao ni kalamu na faili. Twajibu kwamba karani ndiye apandaye gari asiloliendesha, na aghalabu ndiye aandikaye katika daftari la safari ubovu aliousikia kwa dereva. Naye fundi hutengeneza kile alichokisoma. Neno likiandikwa vibaya, gari hutibiwa mahali pasipouma.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, na Mji wa Serikali kufunguliwa kule Mtumba mwaka 2019, wengi wetu tukaao Ipagala na kandokando yake twapanda kila siku magari madogo ya dizeli, Hiace na malori mepesi. Wengine hutumwa Kondoa, Mpwapwa, ama Iringa kwa njia ya Mtera. Na mtu arudipo kutoka Iringa hana budi kuuteremka mlima wa Nyang'oro, ambao haumsamehi mwenye breki dhaifu.

Kwanza tueleze chombo chenyewe. Mguu wa mtu peke yake ni kazi ngumu kwake kusimamisha gari lenye mzigo. Kwa ajili hiyo, mbele ya pedeli, upande wa injini, huwekwa chombo cha duara mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, nacho mafundi hukiita busta. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Hewa ya pande zote mbili za kiwambo hunyonywa. Dereva akanyagapo, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande mmoja tu, ikakisukuma kiwambo, nacho kikausaidia mguu. Basi msaidizi wa dereva ni hewa hii hii tuivutayo puani, wala si kitu kingine. Lakini haiwezi kusaidia ila kwanza upande wa pili uwe mtupu.

Katika injini ya petroli utupu huo hupatikana bure, kwa kuwa njia yake ya hewa ina kilango, na injini ikivuta penye kilango kilichofungwa nusu hufanya utupu yenyewe. Injini ya dizeli ya kawaida huvuta hewa kwa wazi, haina kizuizi cha namna hiyo. Ndiyo sababu hupewa pampu yake ya kunyonya hewa, ile iitwayo pampu ya vakyumu. Katika Hiace nyingi zenye injini za 2L, 3L na 5L, na katika Canter na Isuzu nyingi ndogo, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta, ikizungushwa na mhimili ule ule kwa mkanda ule ule.

Hapo ndipo penye jambo lililotuleta. Mkanda wa alteneta ukilegea au ukikatika katika gari la namna hii, haupotei umeme peke yake. Breki nazo hupoteza msaidizi wao. Lakini taa nyekundu ya chaji iwakapo safarini, mara ngapi tumesikia ikisemwa, "Haidhuru, betri itatufikisha"? Betri itawafikisha, hatubishi. Tungependa kujua breki zitawafikisha vipi.

Malori makubwa ya matrela hayamo katika maneno haya. Breki zake hutumia upepo ulioshindiliwa katika mitungi, na ubovu wake una dalili zake.

Tuje kwenye dalili. Iko tofauti moja ambayo kila abiria aweza kumwuliza dereva: je, pedeli ni laini au ni ngumu? Pedeli laini, izamayo mpaka karibu na sakafu, hueleza habari ya mafuta ya breki: yamevuja, au hewa imeingia katika mabomba. Pedeli ngumu, iliyosimama juu kama ukanyagaye gogo, na gari lisimame kwa shida baada ya mwendo mrefu, hueleza habari ya msaidizi kukosekana. Magonjwa haya mawili hayafanani hata kidogo, walakini yote mawili huandikwa "breki mbaya", na gari likifika karakana hubadilishiwa pedi. Pedi mpya hazimponyi mgonjwa huyu. Gari hurudi kazini na ugonjwa wake, na safari hii kila mtu ana imani nalo.

Nayo pampu si lazima ife kwa ghafula. Aghalabu huchoka kidogo kidogo. Ndani yake mna vibao vidogo vinavyozunguka na kukwaruza ukuta, vikilainishwa na oili ya injini iletwayo kwa bomba jembamba. Oili ikichelewa kubadilishwa, au bomba hilo likiziba, vibao hulika. Hapo dereva huona ajabu moja: akanyagapo mara ya kwanza breki ni njema, ya pili si haba, ya tatu pedeli ni jiwe. Akiongeza mwendo wa injini na kungoja kidogo, hupata nafuu. Dereva mzoefu huizoea hali hiyo hata asiitaje tena, na mazoea hayo ndiyo tunayoyaogopa kuliko pampu yenyewe. Dalili nyingine ni oili itirikayo nyuma ya alteneta, au mgongano mwembamba wa chuma usikikao upande ule. Oili ikionekana ndani ya mpira mnene uendao kwenye busta, jambo limeendelea mbele, maana oili ya injini huharibu mpira wa kiwambo.

Liko jaribio lisilotaka chombo wala fundi. Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Asiondoe mguu. Kisha awashe injini. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu wake muda mfupi baadaye, msaidizi yupo. Ikibaki pale pale, hayupo, na safari ingoje.

Hata hivyo tusimhukumu asiye na kosa. Busta iliyopasuka kiwambo, mpira wenye ufa, au vali ya njia moja iliyokwama, vyote huleta pedeli ngumu hali pampu ni nzima. Mlio wa hewa ipitayo, usikikao karibu na pedeli muda wote mguu ukiwa umekanyaga, hutupeleka kwenye busta. Fundi akitaka hakika huliweka gari mahali tambarare, akayazuia magurudumu kwa mawe, akauchomoa mpira kwenye busta injini ikiunguruma polepole, akauziba mdomo wake kwa kidole gumba. Kidole kikinyonywa kwa nguvu, pampu yafanya kazi.

Afadhali tena ni geji. Lakini hapa Dodoma iko hesabu moja ambayo vitabu vya watengenezaji havituambii. Pwani, uzito wa hewa ni kama milimita 760 za zebaki. Sisi tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, na hewa yetu haipiti sana milimita 665. Pampu iliyoonyesha 690 huko Dar es Salaam haiwezi kuonyesha zaidi ya 600 au karibu yake ikiwa hapa, bila kuwa na ubovu wowote. Tumepata kusikia pampu njema ikitupwa kwa sababu hiyo, na fedha za ofisi kwenda pamoja nayo.

Kama msaidizi amepotea mkiwa njiani, dereva akanyage kwa nguvu zake zote bila kupigapiga pedeli, maana kila pigo hutumia akiba iliyosalia katika busta. Ateremshe gia, na breki ya mkono aivute taratibu. Injini asiizime. Ile desturi ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa dizeli huisimamisha pampu papo hapo, na akiba ya busta hutosha kukanyaga mara moja mbili hivi, basi.

Bwana Mwenyekiti, twaweka hoja yetu mbele ya mkutano. Twaomba chama kiwaandikie wakuu wa idara kwamba katika daftari la safari iongezwe safu moja kwa ajili ya jaribio la pedeli, lifanywe kabla gari halijaondoka, na dereva atie sahihi. Na makarani waliomo humu twawaomba, tangu Jumatatu, neno "breki mbaya" lisiandikwe tena. Iandikwe pedeli ni laini au ngumu. Injini ilipowashwa ilishuka au haikushuka. Na taa ya chaji iliwaka au haikuwaka.