Mpira wa Mataifa na Kisu cha Daktari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi la reli)



Kamati imetupa nafasi ya kusema juu ya afya ya mfanya kazi. Tumeona ya kuwa tukianza na habari za hospitali peke yake, wengine watasinzia. Kwa hiyo tutaanza na mpira, maana hapana mtu katika karakana wala stesheni asiyejua mpira. Lakini msidhani tumekuja kufanya mzaha. Mpira wa mataifa na kazi ya madaktari wapasuaji ni mambo yanayofanana sana, na pale yasipofanana ndipo watu wetu wanapokufa.

Kombe la Dunia lilianza mwaka 1930 katika nchi ya Uruguay, likawa na timu 13. Hapakuwa na timu hata moja ya Afrika. Mwaka 1934 Misri ilikwenda Italia, ikacheza mchezo mmoja, ikashindwa, ikarudi nyumbani. Tangu hapo Afrika haikuonekana tena katika Kombe hilo mpaka mwaka 1970. Hesabuni wenyewe, ni miaka 36. Na miaka yote hiyo sheria za mchezo zilikuwa zile zile kwetu na kwao: watu 11 kila upande, dakika 90, na refa mmoja mwenye kipenga. Sheria tulikuwa nayo. Nafasi ndiyo tuliyokosa.

Mwaka 1964 wakubwa wa FIFA waliamua juu ya Kombe la 1966 lililochezwa Uingereza. Walisema mshindi wa Afrika hatakwenda moja kwa moja, ila atapambana kwanza na mshindi wa Asia na Oceania, na mmoja tu ndiye atakayekwenda. Hivyo sehemu hizo zote za dunia zilipewa nafasi moja, na Ulaya ikapeleka timu 10 kati ya 16. Je, ndugu, Afrika ilifanya nini? Iligoma. Nchi 15 za Afrika zilijitoa katika mashindano. Bwana Ohene Djan wa Ghana na Bwana Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia walikuwa mbele katika shauri hilo. FIFA ikawatoza faini, nao hawakurudi nyuma.

Matokeo yake ninyi mnayajua. Katika Kombe la 1970 huko Mexico Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda. Mwaka 1978 Tunisia ikaifunga Mexico 3 kwa 1, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kushinda mchezo katika Kombe hilo. Mwaka 1982 nafasi zikawa 2, mwaka 1994 zikawa 3, mwaka 1998 zikawa 5. Mwaka 1990 Cameroon iliishinda Argentina iliyokuwa bingwa wa dunia, na mwaka 2022 Morocco ikafika nusu fainali. Kwa Kombe la 2026 Afrika ilitengewa nafasi 9 za moja kwa moja kati ya timu 48. Hapana aliyetuletea nafasi hizo kwa huruma. Zilidaiwa kwa umoja, kisha wachezaji wakaonyesha uwanjani ya kwamba zilistahili.

Sasa tuingie hospitali.

Mwaka 2015 halmashauri ya wataalamu iliyoundwa na jarida la madaktari liitwalo The Lancet ilitangaza hesabu ya upasuaji duniani. Walisema ya kuwa watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama kwa gharama wanayoiweza. Kila mwaka dunia ilikuwa ikifanya operesheni milioni 313, lakini katika kila 100 ni 6 tu zilizofanywa katika nchi zilizo maskini kabisa, ingawa thuluthi moja ya watu wa dunia hukaa huko. Operesheni nyingine milioni 143 zilihitajika kila mwaka wala hazikufanywa. Na watu milioni 33 kila mwaka walifilisika kwa kulipia upasuaji na dawa ya usingizi.

Ndugu, operesheni hizi si za kujipamba. Ni mtu aliyebanwa mkono katikati ya mabehewa. Ni mama aliyeshikwa na uchungu siku mbili na mtoto hatoki. Ni kijana mwenye kidole tumbo kilichopasuka. Mambo kama haya hayangoji gari la kesho. Hata hivyo, kwa miaka mingi, wakubwa wa afya ya dunia walipogawa fedha, upasuaji ulisemwa kuwa ni kazi ya gharama, haifai nchi maskini. Ni kama zamani tulivyoambiwa tucheze mpira wetu huko huko kwetu. Mwaka huo huo wa 2015 ndipo mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipokata shauri ya kwamba upasuaji wa lazima na dawa ya usingizi ni sehemu ya matibabu ambayo kila mtu anastahili kuyapata.

Hata kabla ya hapo palikuwa na watu waliokwisha kuonyesha njia. Twataja mambo mawili.

La kwanza ni orodha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Huulizwa mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni upande gani unaopasuliwa? Je, vyombo na vitambaa vyote vimehesabiwa? Sisi wa reli hatushangai. Gari haliondoki stesheni mpaka breki zijaribiwe, hata kama dereva ana miaka thelathini kazini.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, na humo ndimo tunapoona mfano wa mpira. Ilikuwamo London, ikawamo Seattle ya Marekani, na Toronto, na Auckland, na Amman, na Manila, na New Delhi. Na ya nane ilikuwa Ifakara, mji wa Tanzania ulio kando ya reli ya TAZARA. Ifakara na London zilipewa karatasi moja, zikapimwa kwa kipimo kimoja. Habari zilitolewa mwaka 1909? La, si zamani hivyo. Ni mwaka 2009, juzi tu. Hesabu ya hospitali zote nane pamoja ilikuwa hivi: kabla ya orodha, katika wagonjwa 1,000 walikufa 15, baada ya orodha walikufa 8. Hata hospitali za miji tajiri ziliona madhara ya upasuaji yakipungua. Basi yule asemaye kwamba kuwaingiza maskini ni kuharibu mchezo, na aitazame Ifakara, kisha aikumbuke Cameroon.

La pili ni chuo. Mwaka 1999 wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini waliunda chuo chao wenyewe, kifupi chake COSECSA, na ofisi yake kuu ikawa Arusha. Kenya ni mwanachama. Chuo hiki hakina madarasa makubwa ya mawe. Daktari kijana hufundishwa katika hospitali za nchi hizi, chini ya wapasuaji wa nchi hizi, juu ya wagonjwa wetu na vyombo vyetu, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha ya kuwa, katika wapasuaji waliohitimu katika eneo hili, zaidi ya wanane katika kila kumi walibaki kufanya kazi katika nchi walimofundishwa. Mtu akifundishwa karibu na watu wake, mara nyingi hubaki nao.

Lakini si wote wanaobaki, na hapa ndipo mpira umetuacha nyuma.

Katika Kombe lile la 1966 ambalo Afrika ililigomea, mfungaji bora alikuwa nani? Alikuwa Eusébio, aliyefunga magoli 9. Alizaliwa Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo siku hizi, naye alivaa jezi ya Ureno. Wakati ule watu waliokuwa wamemlea mtoto kama huyo huko kwao hawakuwa na sheria ya kudai cho chote. Lakini tangu mwaka 2001 FIFA ina sheria nyingine. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa vilabu vilivyomfundisha tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kijana wetu wa Nairobi, Victor Wanyama, alipohama Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza mwaka 2013, uhamisho wa namna hiyo ndio ambao sheria hii inautaja. Kilabu kidogo kilichompa mtoto viatu kina haki kuulizia fungu lake.

Je, daktari? Daktari hulelewa na kodi ya mvuna chai, ya mchukuzi wa bandarini, na yetu sisi wa reli. Akiitwa Ulaya au Ghuba, huenda na ujuzi wake wote. Hatumlaumu, kwa maana naye ni mfanya kazi, na mfanya kazi hufuata mshahara. Twauliza tu juu ya hospitali inayompokea bila kulipa hata senti ya malezi yake. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni juu ya kuajiri waganga kutoka nchi nyingine, nayo ni kanuni nzuri, lakini ni ya hiari. Sisi watu wa chama twajua thamani ya mapatano ya hiari. Mguu wa mchezaji una sheria ya kuulinda. Mkono wa mpasuaji hauna.

Tena tusitazame ng'ambo tu. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na shauri kubwa lilikuwa kuhusu madaktari wapya waliomaliza masomo, kupangiwa kwao kazi na malipo yao. Kocha gani humfundisha mchezaji kwa miaka sita, kisha akamwacha nje ya uwanja huku timu inafungwa?

Basi, Bwana Mwenyekiti, tunaleta mambo matatu mbele ya mkutano.

Moja, kila tawi liandike, kwa kila stesheni iliyo chini yake, hospitali iliyo karibu ambayo chumba cha upasuaji hufanya kazi mchana na usiku, na kama yuko mtu wa kutoa nusukaputi. Karatasi hiyo ibandikwe ubaoni. Pengo likionekana, tutajua la kudai na kwa nani.

Mbili, wajumbe wetu watakapokaa na mwajiri kwa mapatano mengine, wadai ya kwamba mfanya kazi aliyeumia kazini apelekwe na apasuliwe bila familia yake kuombwa fedha za kutangulia.

Tatu, chama chetu kisimame pamoja na chama cha madaktari wanapodai kazi kwa waliofundishwa, na kiitake serikali iweke malipo ya malezi katika kila mapatano ya kupeleka waganga nchi za nje.

Timu ikishindwa huingia garini na kurudi nyumbani, na baada ya miaka minne hujaribu tena. Mwenzetu aliyebanwa na mabehewa hana miaka minne. Pengine ana saa mbili. Nchi 15 zilikubaliana kwa ajili ya nafasi moja ya mpira, zikaipata. Sisi tu wengi kuliko hizo katika ukumbi huu.

Chama kidumu.