Nidhamu ya Darasa si Woga



Mwaka 1934 kijana wa miaka 12, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliondoka Butiama kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa kilometa zipatazo 40. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alikikuta shuleni. Kijana huyo ni Julius Nyerere, ambaye baadaye alifundisha Tabora na Pugu, akaliongoza Taifa, na ambaye hadi leo wananchi humtaja kwa jina la kazi yake ya kwanza: Mwalimu.

Habari hiyo husimuliwa mara kwa mara kama fahari ya Mkoa wa Mara. Inafaa isimuliwe pia kama fundisho kwa kila anayeshika chaki. Kila mwaka, katika shule za Musoma, Bunda na Butiama, huingia watoto wanaofanana na kijana yule. Mmoja amekuja na Kijita au Kikwaya, mwingine na Kiikizu, mwingine na Kikurya, Kijaluo au Kisukuma. Amevuka mto au ametembea pembezoni mwa mashamba ya pamba, na sasa ameketi kati ya umati wa watoto asiowajua, mbele ya mtu mzima asiyemjua. Atakayokutana nayo katika wiki hizo za mwanzo ndiyo yatakayoamua kama shule kwake itakuwa mahali pa kujifunza au mahali pa kujificha.

Mkoa huu una deni maalumu katika jambo hili. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba lengo la elimu ya msingi kwa wote, lililokuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989, lifikiwe Novemba 1977. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, na katika shule nyingi watoto walisoma kwa kupokezana, wengine asubuhi na wengine alasiri. Mwaka 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne, watoto walimiminika tena. Kipimo cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi. Walimu wengi wanajua jinsi madarasa yao yalivyokipita kipimo hicho.

Lakini kuandikisha ni jambo moja, na kuelimisha ni jingine. Mtoto ambaye jina lake limo katika kitabu cha mahudhurio, ila anaogopa kunyosha mkono asije akachekwa au akachapwa, bado hajaingia shuleni. Azimio lilimfikisha mlangoni. Anayemwingiza ndani ni mwalimu.

Wapo wanaosema kwamba darasa kubwa haliwezi kutawaliwa bila fimbo. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa sababu aghalabu hutolewa na walimu waliochoka, si na walimu wakatili. Hata hivyo ni lazima ipimwe. Fimbo huleta ukimya, na ukimya hudhaniwa kuwa ni usikivu. Mtoto aliyenyamaza kwa hofu hasikilizi somo. Anatazama mkono wa mwalimu. Akiulizwa kama ameelewa, atajibu “ndiyo”, maana jibu hilo ndilo salama. Hivyo mwalimu naye hupoteza dira, kwa kuwa hajui tena nani ameelewa na nani amebaki nyuma.

Sheria yenyewe haikumpa kila mwalimu uhuru wa kuchapa apendavyo. Kanuni za mwaka 1979 ziliweka ukomo wa viboko sita. Kanuni za mwaka 2002 zikaupunguza hadi vinne, kwa kosa kubwa tu, kwa mkono au kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa kuandikwa kitabuni. Kuchapa darasa zima kwa kufeli jaribio la hesabu hakumo katika kanuni hizo. Ng’ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Na utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania walipata kupigwa au kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumiwa kutetea kiboko, lakini kukunja si kuvunja. Anayekunja hutumia mikono miwili, polepole, akijua ukomo wa kile alichokishika.

Basi nidhamu ya kweli hujengwaje? Kwanza hujengwa kabla ya kengele kulia. Mwalimu aliyekamilisha andalio la somo, anayejua dakika kumi za mwanzo zitatumikaje, huwanyima wanafunzi nafasi ya kufanya fujo. Kelele nyingi darasani ni watoto wasio na kazi.

Pili, sheria za darasa zitungwe pamoja na wanafunzi katika wiki ya kwanza. Ziwe chache, ziandikwe kwa maneno mepesi, na zimbane kila mmoja, akiwamo mwalimu anayechelewa. Mtoto huitii kwa moyo sheria aliyoshiriki kuitunga. Kiranja naye asifanywe askari wa kuandika majina ya wapiga kelele ili wachapwe. Apewe kazi ya kugawa vitabu na kuongoza kikundi, na kazi hiyo izunguke kwa wasichana na wavulana.

Tatu, kosa lisahihishwe bila kumdhalilisha mkosaji. Pakiwa na jibu lisilo sahihi ubaoni, mwalimu aulize limepatikanaje, kisha darasa lisaidie kulirekebisha. Anayemcheka mwenziwe ndiye wa kuonywa. Baada ya kuuliza swali, mwalimu asubiri kidogo kabla ya kuchagua wa kujibu, asije akafundisha watoto watano wa dawati la mbele na kuwasahau wengine wote. Na anayechelewa kila siku aulizwe kando, kwa sauti ya chini, sababu ni nini. Huenda alikuwa akichota maji, akilea mdogo wake, au akisaidia kuanika dagaa ufukweni.

Nne, lugha ya nyumbani isihesabiwe kuwa ni kosa. Katika mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuuhusisha Mkoa wa Mara, watoto wa vijijini waliandaliwa kwa wiki kadhaa kabla ya darasa la kwanza kwa hadithi, nyimbo na michezo, wakiongozwa na mwanakijiji mwenzao. Kiswahili kiliingia kwa furaha, si kwa kutishwa.

Si haki, hata hivyo, kumtwika mwalimu mzigo huu peke yake. Mwalimu asiye na nyumba, mwenye watoto mia moja na vitabu kumi, anahitaji zaidi ya mawaidha. Halmashauri zijenge madarasa, wakaguzi waje kumsaidia, si kumvizia, wazazi wachangie uji wa wanafunzi na waache kumwambia mwalimu, “Huyu mchape tu.” Mzazi anayesema hivyo hukabidhi mtoto na kukataa ushirika wa kumlea.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zizae vijana wenye akili ya kudadisi na wenye kujiamini. Udadisi huanza kwa swali, na swali huhitaji mtoto asiyeogopa kuuliza. Palipo na woga, lengo hilo haliwezi kutimia, hata madawati yakiwa mapya na paa likiwa zima.

Kesho asubuhi, katika shule fulani ya Bunda au Butiama, mtoto atatoa jibu lisilo sahihi. Darasa zima litageuka kumtazama mwalimu. Atakalolifanya mwalimu huyo katika dakika hiyo ndilo litakaloonyesha kama Azimio la Musoma limelifikia darasa lake.