Mtoto Mwenye Pumu na Kengele ya Shule
(Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Isiolo)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo limeleta mabishano katika nyumba nyingi za mji huu: mtoto mwenye pumu, asubuhi ipi apelekwe shule, na asubuhi ipi azuiwe? Wanaotuletea swali hili ni akina mama, maana ndio wanaokesha; lakini mara nyingi amri hutoka kwa baba ambaye usiku kucha alilala.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Yuko binti mmoja miongoni mwa jamaa zetu ambaye, katika miezi ya upepo mkali, Julai hadi Septemba, alikosa karibu theluthi ya siku za masomo. Tulisema vumbi la njiani litamwua, na akae nyumbani. Naye alikaa, lakini alikaa jikoni kando ya mafiga, akivuta moshi wa kuni, na ilipofika saa nne akatumwa kuwafuata mbuzi upande wa Burat. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama vumbi la mbuzi ni jema kuliko vumbi la shule.

Hatimaye tulipompeleka kwa daktari, swali lake la kwanza lilituaibisha: dawa ya kila siku anaitumia? Hakuwa akiitumia. Pumu ina dawa za kuvuta za namna mbili. Moja, salbutamoli, hufungua njia za pumzi upesi kifua kinapobana. Ya pili hutuliza uvimbe ulio ndani ya njia hizo, nayo hutumiwa kila siku kama alivyoagiza daktari, hata siku ambazo mtoto anacheza mpira na kucheka. Sisi tuliiweka hiyo ya pili kabatini siku ile kikohozi kilipokoma. Basi mtoto akikosa shule kila juma kwa ajili ya pumu, msibishane juu ya shule, mrudisheni kliniki.

Sasa twende kwenye asubuhi yenyewe. Ulizeni kwanza habari za usiku. Mtoto aliyelala vizuri, akanywa uji wake na kuzungumza kama kawaida, na aende, hata kama ana mafua kidogo au kikohozi chepesi. Aliyekohoa usiku kucha asiende. Na yule aliyepewa salbutamoli, kisha kifua kikarudi kubana kabla ya saa nne kupita, huyo apelekwe kwa daktari, wala asiachwe kitandani akingoja jioni. Lakini mkiona hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, ngozi inaingia katikati ya mbavu, au midomo inageuka rangi, mpeni dawa na mwondoke naye papo hapo, mkiendelea kumpa njiani. Wazee wetu, twawaombeni mlishike hili: kifua kilichokuwa kikilia mluzi kikinyamaza ghafla, hali mtoto angali akipigania pumzi, huo si nafuu. Ni hatari kubwa kuliko ule mluzi.

Yuko pia mtoto aliyeugua jana na leo ni mzima nusu. Huyo twaona aende, ila mwalimu apewe habari, amsamehe mbio, na ambadilishie zamu: badala ya kufagia darasa, achote maji ya kunyunyizia sakafu. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi na haki ya matibabu pamoja. Haikutuambia tuchague moja.

Dawa ifuatane na mtoto. Dawa iliyofungiwa kabatini, na ufunguo umekwenda sokoni na mwenyewe, haimfai kitu. Na kwa wenzetu wa Merti na Garba Tulla, ambao hospitali ya mji iko mbali nao, jambo hili lina uzito zaidi.

Tena, mtoto mdogo hawezi kuivuta dawa sawasawa. Nyingi huishia ulimini. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kushikizwa dawa, humsaidia mtoto sawa na kile chombo cha kununua. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa, na mwuguzi awaonyeshe jinsi ya kuitumia. Moja tumeiweka hapa mezani. Baada ya kikao akina mama wakaribie waitazame, na akina baba vilevile.