Ubeti na Picha Yake

Wanafunzi wetu wa kisomo cha watu wazima, pamoja na walimu wenu! Natumaini nyote mmekwisha kukaa na daftari ziko mbele yenu. Leo hatutajifunza herufi mpya. Leo tuna kazi ya pamoja: tutachukua ubeti wa utenzi wa mawaidha, tuuchoree picha.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi nimekuja kusoma, kuchora ni mchezo wa watoto." Nami nilipoanza kazi hii nilidhani hivyo. Ngojeni niwaeleze kilichonibadili.

Kwanza utenzi wenyewe. Katika kisiwa cha Pate, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, alizaliwa bibi mmoja, jina lake Mwana Kupona binti Mshamu. Yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa mawaidha wenye beti mia na zaidi. Mwanzoni anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, maana ana maneno moyoni. Kisha anamwambia atamtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Mwana Kupona alifariki miaka michache baadaye, lakini utenzi wake unasomwa mpaka leo.

Siku moja nilitembelea darasa la jioni. Mwalimu alikuwa amewasomea wanafunzi habari ya kidani hicho. Akawagawa watano watano, akawapa karatasi za mifuko ya saruji na vipande vya mkaa. Kundi moja lilichora msichana mzuri, amevaa kidani kikubwa. Tulilisifu, kwa maana kila ushanga ulichorwa kwa uangalifu.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, bibi."

"Mama yake yuko wapi?"

Darasa likanyamaza. Bibi akaendelea, "Msichana nimemwona, na kidani nimekiona. Aliyempa simwoni. Mama mwenyewe mgonjwa, yuko kitandani. Mimi nadhani kidani ni yale maneno yake."

Bibi yule alikuwa bado hawezi kusoma mstari mmoja bila kusaidiwa. Lakini kundi zima lililosoma ubeti ule lilikuwa limemsahau mama. Basi wakageuza karatasi, wakachora upya: mama amelala kitandani, binti ameketi karibu naye na kalamu mkononi, na kutoka kinywani mwa mama shanga zinashuka moja moja mpaka kwenye karatasi. Kila aliyeitazama picha ile alifahamu.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kazi hii. Mtu aweza kuyatamka maneno yote ya ubeti sawasawa, na maana ikampita. Lakini akitaka kuuchora, mkono wake utasimama mpaka ajiulize: Nani anasema? Anamwambia nani? Wako wapi? Ana shida gani hata aseme hivi?

Sasa sikilizeni kazi yenu.

Kwanza, kaeni watano watano. Mmoja anayesoma vizuri ausome ubeti mara tatu, polepole. Utenzi wa Mwana Kupona ni wa Kiswahili cha kaskazini, kwa hiyo mwalimu awaelezee maneno magumu.

Pili, kila mtu aseme maana kwa maneno yake mwenyewe. Asiachwe hata mmoja. Msipokubaliana si kitu, toeni hoja. Hata mawaidha yenyewe mwaweza kuyapinga. Mwana Kupona aliusia mengi juu ya mke kumtii mumewe, na watu wengi wa leo hawayakubali yote. Jadilianeni kwa adabu.

Tatu, chagueni jambo moja tu la kuchora. Picha yenye mambo kumi haisemi hata moja.

Nne, choreni. Mkono uliozoea jembe au kasia usione haya. Hatutafuti uzuri, twatafuta maana.

Tano, andikeni ubeti chini ya picha kwa herufi kubwa. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Kwa mfano, kipande hiki nimekitunga mimi: "Mtoto sikia neno." Hesabuni kwa vidole: m-to-to, si-ki-a, ne-no. Ni nane. Mkihesabu mlichoandika mkapata saba, tazameni tena. Huenda mmeruka herufi.

Sita, tundikeni picha ukutani. Mwiteni mtu wa kundi jingine aseme anaona nini, kabla hajasoma maandishi. Akishindwa, msimlaumu yeye. Rudini kwenye ubeti.

Kabla sijamaliza, nirudi kwa yule bibi. Darasa lilipokwisha alinifuata mlangoni. Akaniambia kwamba binti yake anaishi mbali, na kwamba barua zote anazompelekea huandikiwa na kijana wa jirani.

"Ni kijana mwema," akasema, "lakini yako maneno ya mama na binti ambayo siwezi kumtajia kijana. Mwana Kupona mwanawe alikuwa karibu. Wangu hayupo. Basi kalamu lazima niishike mwenyewe."

Kisha akanionyesha daftari lake. Jioni ile alikuwa ameandika neno moja tu, mara nyingi, mpaka mwisho wa ukurasa: *mwanangu*.

Basi, wanafunzi, kila mmoja wenu anayo maneno ambayo hapendi kumpa mtu mwingine amwandikie. Yakumbukeni mnapochoka. Sasa chukueni mkaa na karatasi mwanze kazi. Kwaherini mpaka kipindi kijacho.