Andika Majina Nyuma ya Picha



Mtaa huu una jina la Tom Mbotela, aliyeuawa hapa Nairobi mwaka 1952. Asili yake ni ufuoni: Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa mwaka 1875. Babake, James Mbotela, aliandika kumbukumbu za wazee wa kule katika kitabu Uhuru wa Watumwa. Ndiyo sababu hazikupotea.

Nasi tuna picha za zamani masandukuni. Zitoeni, mketi na wazee, muandike nyuma ya kila moja: ni nani, ni wapi, mwaka gani. Mzee akishaondoka, hatutakuwa na wa kumuuliza.