Hotuba ya Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Mafunzo ya Wahudumu wa Afya, Quitunda

Waheshimiwa viongozi wa Wilaya ya Palma, mashehe na wazee wetu, kina mama, nanyi wauguzi, wakunga, wasafishaji na wahamasishaji wa afya,

Watu wa Quitunda hamna haja ya kuhadithiwa mlipuko wa ugonjwa. Aprili 2020, wagonjwa wengi wa korona waliothibitishwa Msumbiji nzima walihusishwa na kambi ya mradi wa gesi wa Afungi, hapo jirani. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, maelfu walikimbilia hapa, wakalala wamebanana, na kubanana hueneza ugonjwa.

Leo nasema na mhudumu kuhusu usalama wake mwenyewe. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, Uganda. Daktari Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Lacor, ndiye aliyeushtukia ugonjwa na kusimamia kinga ya wenzake. Siku moja muuguzi wake, naye kaugua, akawa anatoka damu na kuhangaika. Daktari akakimbilia kumsaidia. Alivaa barakoa, gauni na glavu. Miwani ya kinga hakuvaa. Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba. Na hakuna aliyeijua hatari ile kumshinda yeye.

Rwanda, Septemba 2024, ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg, inayofanana na Ebola. Waliothibitishwa walifika 66, wengi wao wafanyakazi wa hospitali. Homa ile huanza kama malaria, na malaria nyinyi mnaiona kila siku. Kwa hiyo msingoje majibu ya maabara ndipo mvae glavu.

Kuvua glavu nako kuna hatari. Shika ya kwanza kwa nje, karibu na kifundo cha mkono, uivue ikijigeuza; ya pili ingiza kidole kwa ndani. Kisha nawa. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, itie moja kwa moja kwenye sanduku lake. Na msafishaji anayebeba taka hizo apewe buti na glavu nzito. Huyu tunamsahau mno, nami jambo hili linaniuma.

Waheshimiwa, muuguzi akisema glavu zimekwisha, asiambiwe avumilie, atafutiwe. Aliyejichoma sindano aripoti papo hapo bila kukaripiwa, aanze dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72 kupita. Chanjo ya homa ya ini B wapewe wote, msafishaji akiwemo. Haya nawaomba myatimize.

Natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.